Nani Alimpeleka Alipio? Juu ya masomo ya chuki katika intaneti

Siku hizi, kijana akianza kusema maneno ya chuki juu ya kabila la jirani, au juu ya watu wa dini nyingine, wazazi wake husema: « Telefone imemharibu. » Wakatekista husema vilevile, na sisi mapadri mara nyingi tunalihubiri neno hilo siku ya Mungu. Ni neno rahisi, tena linatufariji: ikiwa telefone imemharibu, basi si sisi. Lakini je, ni kweli? Wenye elimu wa Ulaya na Marekani wamefanya masomo mengi juu ya shauri hili. Tumeona ni vema kueleza hapa machache yaliyo makubwa, kuyasifu panapostahili sifa na kuonyesha pia upungufu wake, ili wasomaji wetu wasiyapokee bila kuyapima, wala wasiyakatae bila kuyajua.

Kwanza tueleze neno lenyewe. Tukisema « msimamo mkali », hatutaki kusema bidii ya dini, wala uaminifu wa mtu katika ukweli. Mashahidi wa Uganda, ambao Eklezia iliwaandika katika hesabu ya watakatifu mwaka 1964, walikuwa na bidii kubwa sana, walakini hawakumwinulia mtu mkono. Wenyewe ndio walioteswa. Msimamo mkali tunaousema hapa ni mafundisho yanayogawanya watu sehemu mbili, « sisi » na « wao », yakisema ya kwamba « wao » si watu kamili kama « sisi », na ya kwamba hatutapata amani mpaka wameondoka au wamekufa. Mafundisho hayo yanaweza kuvaa nguo ya dini, au ya kabila, au ya rangi ya ngozi. Nguo ni mbalimbali, mwili ni mmoja.

I. Sababu ya masomo haya

Siku ya tano, tarehe 15 ya mwezi wa tatu 2019, mtu mmoja aliingia na bunduki katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, New Zealand, akawaua watu 51 waliokuja kusali. Alikuwa amefunga kamera ndogo kichwani, na mauaji yakaonekana saa ileile katika Facebook. Kampuni hiyo ilitangaza baadaye ya kwamba katika saa 24 za kwanza iliondoa nakala milioni 1.5 za video ile. Tufikiri kidogo hesabu hiyo. Mwuaji alikuwa mmoja. Lakini nakala zile zilipandishwa na mikono mingine, na kila mkono ulikuwa na mtu wake.

Serikali ya nchi ile iliweka tume ya kuchungua shauri hili, na ripoti ya tume ilitoka mwaka 2020. Ripoti haimtaji mwuaji kwa jina, na sisi tunafuata mfano huo mzuri. Inasema ya kwamba alikuwa na mawazo ya ubaguzi tangu ujana wake, ya kwamba alikuwa na marafiki wachache sana, na ya kwamba alizunguka nchi nyingi za dunia miaka kadhaa, karibu siku zote peke yake. Inasema pia ya kwamba kwake YouTube ilikuwa chemchemi ya habari na ya mawazo kupita kurasa za wenye chuki zenyewe. Basi swali linakuja: mashine ilimfundisha mtu huyu chuki, au yeye alikuja na chuki yake akaomba chakula, na mashine ikampa?

II. Masomo yenyewe

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa mbele ya mauaji yale. Mwezi wa tatu 2018 mwalimu Zeynep Tufekci aliandika katika gazeti The New York Times ya kwamba YouTube ina tabia ya kumsogeza mtu daima kwenye jambo kali zaidi. Mtu akitazama video juu ya kuacha nyama, ataonyeshwa video juu ya kuacha hata maziwa na mayai. Akitazama watu wanaokimbia kidogo kwa afya, ataonyeshwa wale wanaokimbia mbio ndefu kupita kiasi. Akitazama mikutano ya siasa, ataonyeshwa wanaofundisha ya kwamba watu weupe ndio wakubwa wa dunia. Sababu yake ni nini? Kampuni inapata faida kwa matangazo, na matangazo yanataka mtazamaji asiondoke. Kwa hiyo mashine inapiga hesabu ni video gani itakayomshika mtu, kisha inamwekea hiyo mbele ya macho.

Hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye macho makali, lakini hayakuwa bado na hesabu nyuma yake. Mwaka 2020 Manoel Horta Ribeiro na wenzake wa Uswisi na Brazili walileta hesabu. Walipanga chaneli za siasa katika vikundi kadiri ya ukali wake, wakatazama video 330,925 za chaneli 349, na maoni zaidi ya milioni 72 yaliyoandikwa chini ya video hizo. Waliona ya kwamba sehemu ya watu waliokuwa wakiandika chini ya video za ukali mdogo walikutwa, baada ya miaka, wakiandika chini ya video za wenye ukali mkubwa. Basi safari ipo. Lakini walipofuata mapendekezo ya mashine, kwa komputa isiyojua tabia ya mtu yeyote, waliona ya kwamba njia ya kufika katika kikundi kikali kabisa ilikuwa nyembamba sana. Wasafiri walionekana, gari lililowachukua halikuonekana vizuri.

Mwaka 2021 Homa Hosseinmardi na wenzake walifanya namna nyingine. Hawakutazama video, walitazama watu: Wamarekani zaidi ya 300,000, waliofuatwa katika matembezi yao ya intaneti tangu mwaka 2016 hata 2019. Wakasema hawakuona ya kwamba mashine ndiyo inayowasukuma watu, kwa jumla, kwenye chaneli kali. Wengi waliingia kwa milango mingine, na walitazama katika YouTube mambo ya namna ileile waliyopenda kuyasoma pengine.

Kiisha, mwaka 2023, Annie Chen, Brendan Nyhan na wenzao walitoa somo juu ya watu 1,181, waliokubali kuwekewa programu ndogo ya kuandika kila walichotazama na kila walichopendekezewa. Tena watu hao walikuwa wamekwisha kuulizwa maswali juu ya uchungu wao: wanawaonaje watu weusi, wanawaonaje wanawake. Matokeo ni haya: video za chaneli kali zilitazamwa hasa na watu wachache sana, na hao ndio waliokuwa na uchungu mwingi tangu mwanzo. Tena walifika huko kwa sababu walikuwa wamejiandikisha katika chaneli hizo, au kwa sababu walifuata njia kutoka ukurasa mwingine nje ya YouTube. Ilikuwa nadra mashine kumpelekea mambo hayo mtu asiyejiandikisha.

III. Yanayostahili sifa

Tuwasifu kwanza wanaelimu hawa kwa unyenyekevu wao. Mmoja alisema neno, wa pili akalipima, wa tatu akampinga wa pili, wa nne akawasahihisha wote, pasipo matusi. Sisi katika mahubiri yetu hatupimi hivyo mara zote. Mara ngapi tumesema « vijana wa siku hizi », wala hatukuuliza hata kijana mmoja?

Tuwasifu pia kwa neno moja kubwa walilolirudisha mahali pake. Ulimwengu wa leo unapenda kusema ya kwamba mtu ni kama maji, anafuata tu mfereji aliochimbiwa. Masomo haya yanaonyesha ya kwamba mtu huleta kitu mwenyewe. Anachagua, anajiandikisha, anarudi. Eklezia haikuacha kamwe kufundisha hivyo. Hati ya Mtaguso juu ya vyombo vya habari, Inter mirifica, ya tarehe 4 ya mwezi wa kumi na mbili 1963, inawapa wajibu watu wa pande mbili, ni kusema wanaotengeneza na wanaopokea. Haimfungui mmoja kwa kumfunga mwingine.

IV. Upungufu

Sasa tuseme upungufu, nao ni wa namna nne.

Ya kwanza, juu ya wakati. Mwezi wa kwanza 2019 kampuni ya YouTube ilitangaza ya kwamba itapunguza kupendekeza video zinazokaribia kuvunja sheria zake. Somo la 2023 lilichungua watu wa mwaka 2020, ni kusema lilipima mto baada ya ukuta kujengwa. Halituambii vizuri mto ule ulikuwaje mbele. Ni haki kusema ya kwamba somo la 2021 linatazama miaka ya mbele pia, nalo halikuona mafuriko. Lakini kampuni haijifungi kwa ukuta huo siku zote. Iliyeujenga inaweza kuubomoa, na yeye anayesoma masomo haya kama hukumu ya mwisho anajidanganya.

Ya pili, juu ya hesabu. Masomo haya yanatafuta jambo la watu wengi, na yanasema: waliosukumwa na mashine ni wachache. Vema. Lakini mwuaji wa Christchurch alikuwa mmoja. Mwenye elimu ya hesabu, akiona kondoo 99 zizini, ataandika ya kwamba zizi ni salama, na kwa kazi yake hakosi. Sisi tulipewa kazi nyingine, tunaijua tangu katekisimu: kumtafuta yule mmoja. Tusichukue matokeo ya wenye hesabu tukayafanya udhuru wa wachungaji.

Ya tatu, juu ya mahali. Karibu masomo yote haya yanatazama Wamarekani na lugha ya Kiingereza, tena mambo yaliyo wazi, ambayo kila mtu anaweza kuyafungua. Kwetu mambo ni mengine. Maneno ya chuki yanakuja katika kikundi cha WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kabila, na yule anayeyatuma ni mjomba, ni mwenzake wa shule, ni mtu wa korali. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusikia. Mwanaelimu wa Lausanne atausikiaje? Lakini mkatekista wa mtaani anausikia, kwa sababu anaishi humo.

Ya nne ni kubwa kupita zote: swali limewekwa vibaya. Wameuliza: ni mashine au ni moyo? Tena wameuliza mara nyingi hata wakasahau kutazama kitu kilichokuwa mikononi mwao. Ribeiro alihesabu maoni milioni 72. Maoni ni nini? Ni watu wanaozungumza wao kwa wao chini ya video. Chen alikuta ya kwamba watu walijiandikisha. Kujiandikisha ni nini? Ni kumchagua mwalimu, na kukaa miguuni pake. Alikuta pia ya kwamba walifuata njia kutoka mahali pengine. Nani aliyeiweka njia hiyo pale? Mtu aliyesema: « Njoo, tazama. » Katikati ya mashine na moyo kuna mtu wa tatu, ni rafiki. Masomo haya yamempiga picha mara nyingi bila kumtaja jina.

V. Alipio

Mtakatifu Agustino alimtaja zamani. Katika kitabu cha sita cha Maungamo yake anasimulia habari za Alipio, mwanafunzi wake na rafiki yake. Kijana huyu alikwenda Roma kusoma sheria. Alichukia michezo ya wapiganaji waliouana mbele ya watu. Siku moja, baada ya chakula, marafiki walikutana naye njiani, wakamkokota kwa nguvu ya mzaha. Akawaambia wanaweza kuukokota mwili wake, lakini macho yake na roho yake hawataweza. Akaketi, akafumba macho. Kumbe, hakuziba masikio. Mpiganaji mmoja akaanguka, watu wote wakapiga kelele kubwa, na Alipio, akijiamini ya kwamba atadharau chochote atakachoona, akafumbua macho. Tangu pale hakuwa mtu yule aliyeingia. Alipiga kelele pamoja na wengine, aliwaka moto, akarudi siku nyingine bila kukokotwa, akawatangulia wale waliomkokota, akawavuta na wengine.

Tusome kisa hiki kama somo juu ya kuenea kwa ukali, maana ndivyo kilivyo. Je, uwanja ulikuwa na hatia? Ndiyo: ulijengwa kwa kuonyesha damu, na wenye uwanja walijua wanachokifanya. Je, moyo wa Alipio ulikuwa na upungufu? Ndiyo: alijitegemea mwenyewe. Lakini kati ya uwanja na moyo kulikuwa na mkono wa rafiki uliomkokota, na kelele za umati zilizomfumbua macho. Pasipo rafiki, Alipio hangefika uwanjani. Pasipo umati, hangefumbua macho. Na mwisho wa kisa ni wa kutisha kupita mwanzo: aliyekokotwa akawa mkokotaji. Hapo ndipo ukali unapoenea. Zile nakala milioni 1.5 za video ya Christchurch zilitoka katika mikono ya namna hiyo.

VI. Mfano wa jirani zetu

Mtu atasema: hayo ni ya Roma ya zamani. Basi tutazame Rwanda. Redio RTLM ilianza kusema mwaka 1993, na mwaka 1994 iliwachochea watu kuua, mpaka kutaja wa kuwindwa. Wengi walisema na wanasema: ni redio iliyoua. Wanaelimu wawili walipima neno hilo. Scott Straus aliwahoji wafungwa zaidi ya 200 waliokuwa wameshiriki katika mauaji, akatoa matokeo juu ya redio mwaka 2007: wengi wao walichukuliwa na watu waliokuja uso kwa uso, wakuu wa mtaa, majirani, vikundi vilivyopita nyumba kwa nyumba. David Yanagizawa-Drott, katika somo lake la 2014, alitumia vilima vya Rwanda, kwa sababu kilima kinazuia sauti ya redio; akalinganisha mahali iliposikika na mahali isiposikika, akasema ya kwamba karibu sehemu 10 kwa mia za mauaji zilitokana na redio ile. Tena aliona ya kwamba nguvu yake ilivuka hata vijijini jirani, kwa njia ya watu waliokutana na watu.

Wengine wanafikiri ya kwamba masomo haya mawili yanapigana. Sisi tunaona yanaweza kukaa pamoja. Redio iliwapa nguvu waliokuwa tayari, ikawaambia ya kwamba wakubwa wanaruhusu. Jirani ndiye aliyebisha mlango. Wala hiyo haiwafungui wenye redio. Mahakama ya Arusha ilimhukumu Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake, mwaka 2003. Katika rufaa ya 2007 adhabu ilipunguzwa kuwa miaka 30, lakini hatia yake juu ya redio ilibaki. Ndivyo tunavyotaka kusema juu ya makampuni ya intaneti pia. Kama mashine hailei chuki peke yake, walakini mwenye kuuza chakula kwa chuki, akijua, ana hesabu ya kutoa. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuambiwa moto huo unafika wapi. Tangu mwaka 1994 tumeuona ukivuka mpaka.

VII. Tunajifunza nini?

Katika mambo ya kazi yetu, masomo haya yanaweza kutubadilishia swali. Tukikuta ujumbe mbaya katika telefone ya kijana, desturi yetu ni kuuliza: « Umetazama nini? » Kijana anaona haya, anafuta, anaficha, na sisi tunaridhika. Tuulize afadhali: « Nani amekutumia? Na wewe umemtumia nani? » Swali la kwanza linamwonyesha yule aliyemkokota. La pili linaonyesha kama yeye mwenyewe amekwisha kuwa mkokotaji. Tena kuna swali la tatu ambalo sharti tujiulize wenyewe: kabla rafiki yule hajamtumia, nani mwingine alikuwa anazungumza naye? Kijana aliyeacha korali miezi sita, na shirika halikumtembelea. Mwanafunzi aliyefukuzwa seminarini, na siku ileile tukafuta jina lake katika kikundi: hao wana uchungu, na uchungu hutafuta wenzake. Watu wenye chuki wanawapokea vizuri, wanawaita ndugu. Hapo sisi tumeshindwa mbele ya mashine kufanya kazi yoyote.

Pili, elimu hii inatuhitaji, kwa sababu tunasikia isiyoyasikia. Mkatekista anaweza kuangalia ni maneno gani mapya ya kudharau jirani yanaanza kusikika mtaani, yalianza lini, yanapita wapi, naye amwambie padri wake. Lakini sharti tuweke mpaka: tunajifunza namna ya kuenea kwa ugonjwa, hatufanyi kazi ya polisi. Majina ya watu yasiandikwe. Na neno la kitubio halina njia ya kuingia hapa, hata kidogo, hata kwa mfano uliobadilishwa.

Tatu, neno kwa waseminari wanaotaka kusoma mambo haya kwa bidii. Msijiamini kama Alipio. Anayetazama video za chuki usiku kwa usiku akisema « ninachungua tu », amekwisha kuketi uwanjani na macho amefumba. Masomo ya namna hii yafanywe na wawili au watatu, mchana, pamoja na mwalimu, na kwa kazi iliyo na mwisho.

Tunaongeza neno moja la Agustino, maana wengi wanalisahau. Mbele ya Roma, huko Kartago, Alipio alipenda sana mashindano ya farasi. Siku moja aliingia darasani mwa Agustino, na mwalimu, akitafuta mfano wa kueleza somo, akawacheka watu wanaopenda michezo ile. Hakumkusudia Alipio hata kidogo. Lakini Alipio alilichukua neno kama lake, akaacha. Baadaye alianguka Roma, ndiyo. Lakini mwisho alibatizwa pamoja na Agustino, akawa askofu wa Tagaste. Mwalimu hakuwa na hesabu, wala hakujua siku ile nani ameketi mbele yake. Alikuwapo tu, na mwanafunzi alikuwapo, nao walikuwa wanazungumza.

Wanaelimu waendelee kupima mashine, na serikali ziwabane wenye mashine: hiyo ni kazi yao, tunawatakia nguvu. Kazi yetu ni kuona ya kwamba kijana, siku atakapokokotwa, awe na mwingine aliyemshika mkono.